Siku Mama Alipotoa Fyuzi ya Honi

Mama mpenzi,

Leo asubuhi nimegombana na Bahati kwa sababu ya waya. Nimefungua kile kiboksi cha fyuzi cha pikapu yako, nikakuta mahali pa fyuzi ya taa za nyuma pamechomekwa kipande cha waya wa shaba, kimekunjwa vizuri kabisa, kama pini ya nywele. Nikamwita. Akaja na tabasamu la mume anayejua kosa lake.

"Ni ya leo tu," akasema. "Fizible iliungua, na boutique ya vipuri ilikuwa imefungwa."

Mama, nikajisikia nikiongea kwa sauti yako, hata na kidole chako kikiwa juu: "Fizible inakufa ili gari isikufe! Weye umeikataza kufa, sasa gari mzima itaungua!"

Bahati akainua mikono. "Karibu nyumbani, mama mukwe," akasema. Tukacheka mpaka tukaegemea gari. Alipoingia ndani kunywa chai yake, mimi nikakaa kwenye kiti chako, nyuma ya usukani, nikaona nikuandikie.

Unakumbuka betri ilivyokuwa mtu wa nyumbani kwetu? Kila jioni ulifungua boneti, ukaitoa, ukaibeba mwenyewe mpaka chumbani na kuilaza chini ya kitanda chako juu ya kibao. Miaka ile wezi waliitamani betri kuliko gari lenyewe. Tena tuliihitaji kwa redio, maana vita vilikuwa vimekwisha mdomoni mwa wakubwa tu, na bila habari za jioni hukujua kama barabara ya kesho ingepitika. Habari zikiisha, redio ilizimwa. Dada alipoomba muziki hata kidogo ulimjibu, "Batri si ngombe ya kukamua kila saa." Naye alinung'unika kwamba betri inalala chumbani kwa mama na sisi tunalala sebuleni.

Asubuhi ulisugua vichwa vyake kwa maji ya moto na mswaki wa marehemu baba, mpaka ule unga mweupe ukatoka wote, kisha ukavipaka mafuta ya mgando kidogo sana. Mtu akishangaa kuhusu mswaki, ulisema marehemu hana haja nao tena na betri inao. Ukatufundisha sote, nyumba ya wasichana tu, kwamba waya wa hasi unatangulia. "Moins njo inatoka ya kwanza, na njo inarudi ya mwisho." Siku niliyoanza na ule mwingine, spana ikagusa bodi, cheche zikaruka, nikaangusha spana na kupiga yowe lililowatoa majirani nje. Hukunigombeza. Ulinipa spana ile ile ukasema nianze tena, na majirani wakabaki kutazama mpaka nikamaliza.

Ndiyo maana sikuelewa ulivyokuwa mgumu kwa Bahati. Wewe uliyekuwa na subira na kila kitu chenye waya, kwa kijana wa watu hukuwa na subira hata ya dakika moja. Najua, alitoka upande ule. Watu wa kwao na watu wa kwetu walikuwa wamechomeana nyumba. Ng'ombe wetu wote walikwenda, na mdogo wako wa kiume alikwenda kuwatafuta asirudi. Bahati naye alikuwa amezika kaka wawili, lakini hukutaka kuambiwa. Nilipokwambia ameniomba na mimi nimekubali, ulinifanya ningoje mpaka jioni, kisha ukatoa hukumu.

"Olewa. Siwezi kukufunga kamba. Muchele wa fete ya ndoa nitatoa. Lakini miguu yangu haitakanyaga kule."

Nilijua maana yake. Kwetu, bibi harusi anayepelekwa bila mama yake ni kama anatupwa, na kwao wangeniangalia hivyo maisha yangu yote. Niliomba, nikamtuma padri, nikamtuma dada, nikalia mbele yako bila aibu. Ulinipa leso ya kufutia machozi, ukarudi kuhesabu jibini zako za kupeleka sokoni Mambasa.

Zilibaki siku tisa tuliposafiri kwenda kuuza hizo jibini na kuleta huo mchele. Kwenda kulikuwa kuzuri. Wakati wa kurudi, tulipoacha Komanda kidogo tu, mkanda wa injini ukakatika. Injini ikanyamaza ghafla, nasi tukateleza mpaka pembeni. Uliteremka, ukafungua boneti, ukaangalia, ukafunga. "Hii haiponi hapa," ukasema, na ukaketi kwenye bampa kana kwamba unangojea misa ianze. Saa saba ya mchana ilikuwa imepita. Barieri ya askari ya kuingia kwetu Bunia ilifungwa saa kumi na mbili kamili, na kulala barabarani wakati ule hakuna aliyethubutu.

Likaja lori la mbao. Dereva akasimama, mwanaume mnene mwenye kofia ya sufu, akasema anaitwa Dieudonné na kamba anayo. Ukamuuliza anatoka wapi. Hakutaja jina la kijiji. Alielekeza midomo yake upande wa vilima na kusema, "Kule, mama." Upande ule ule wa kina Bahati. Ulitazama jua, ukatazama mchele, ukanitazama mimi.

"Funga kamba," ukasema.

Lakini kabla hajamaliza kufunga, wewe tayari ulikuwa umepiga magoti chini ya dashibodi ukichomoa fyuzi. Ukanieleza huku unachomoa, na mpaka leo naweza kuyasema maneno yako bila kukosea. Gari linalovutwa lazima ufunguo uwe umezungushwa, la sivyo usukani unajifunga, na kwenye kona ya kwanza mtaingia shimoni. Ufunguo ukiwa umezungushwa, betri inakula akiba yake, maana injini iliyolala haitengenezi umeme. Kwa hiyo toa kila kitu kisichohitajika: redio, feni, taa ya ndani, kiberiti cha sigara. Acha taa za breki, ili wa nyuma wakuone. Acha vifuta-mvua. Acha honi, ili wa mbele akusikie. Zile ulizochomoa ulizifunga kwenye pembe ya kitenge chako, ukakaza fundo kwa meno.

Ukamwambia Dieudonné, "Klaksoni moja, pole pole. Mbili, simama. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudilia."

Akarudilia, mtu mzima na kofia yake. Nilitazama pembeni nisicheke.

Tukaenda. Usukani ulikuwa mzito, breki ngumu, ukazikanyaga kwa miguu yote miwili. Kila alipokaza mwendo ulipiga honi moja, naye akatii. Ulifurahi kumtawala, usikatae. Baada ya kama saa moja ulikuwa unapiga hata pasipo na haja.

Tulipopita Irumu mvua ikatukuta, ile mvua yetu isiyobisha hodi. Lori likaenda hatua chache likasimama. Dieudonné akashuka anapunga mkono mbele ya pua. Moshi mwembamba ulitoka kwenye mlango wake. Ulikwenda kuona, nami nyuma yako. Fyuzi ya vifuta-mvua vyake ilikuwa imeungua zamani, na mahali pake alikuwa amekunja karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Mvua ilipoanza na motor ikafanya kazi, karatasi ikawaka na waya ukaanza kuyeyuka.

"Papier ya sigara!" ulisema. "Weye unabeba watu nyuma yako na papier ya sigara?"

"Mama, fizible zinakosekana."

"Hazikosekani. Watu wavivu njo hawakosekani."

Alikubali kosa, maskini, amelowa chapachapa. Lakini kukubali hakukutengeneza kitu. Bila vifuta-mvua asingeona hata bampa yake, na mvua haikuwa na dalili ya kuisha. Ulifungua fundo la kitenge. Zote zilikuwa nyekundu, ndogo kwa kazi ile, zingeungua papo hapo. Yeye alihitaji ya bluu; ya vifuta-mvua vyetu ilikuwa ya njano, kubwa mno kwa waya wake. Na bluu, kwenye gari letu lote, zilikuwa mbili tu, ya taa za breki na ya honi.

Mama, mimi nilikuwa nimesimama pale na kitambaa kichwani, nikakuona unafikiri. Ukitoa ya breki, gari lolote la nyuma lingetupanda. Ukitoa ya honi, tungekuwa tumefungwa kwa kamba nyuma ya mtu wa upande ule, kwenye mvua, bila njia ya kumwambia simama. Ulirudi kwenye pikapu polepole. Ukachomoa ya honi, ukaishika kwenye kiganja muda mrefu, kisha ukaenda ukaichomeka mwenyewe kwenye lori lake. Vifuta-mvua vikaanza kutembea.

"Sasa miye sina mudomo," ukamwambia. "Ni weye utaniangalia."

"Nitakuangalia, mama."

Sijui wengine wangefanyaje. Yeye alifungua dirisha lake lote, na kila baada ya dakika chache kichwa chake kilitoka nje kwenye ile mvua, kofia ya sufu imemshukia masikioni, kututazama. Kwenye kona kichwa. Kwenye mteremko kichwa. Penye tope alisimama kabisa, akashuka, akatuuliza kama tuko salama. Mwanzoni ulitazama kamba tu. Baadaye ukaanza: "Angalia, anatoka tena." Mara ya kumi ulicheka, kile kicheko chako cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu nilipokutajia Bahati. "Huyu atakufa na mafua juu yangu," ulisema.

Barieri tulivuka ikiwa imebaki robo saa. Kwenye njia ya kuingia Rwambuzi lori likasimama, na Dieudonné akaja dirishani. Akasema polepole kwamba hapo ndipo angetuacha. Alikuwa na aibu. Watu wa kwao hawakuingia mtaani kwetu wakati ule, na wa kwetu hawakwenda kwao, hilo alilijua kila mtu.

Ulinigeukia mimi. "Shuka. Enda ukae mbele kwa lori, karibu na dirisha, wakuone."

Nilielewa nikiwa tayari nimefungua mlango. Ulikuwa unamweka binti yako karibu naye awe cheti chake cha kupitia. Tukaingia Rwambuzi hivyo, lori mbele na mimi dirishani nikisalimia kila mtu kwa jina, kwa sauti kubwa, na wewe nyuma ukivutwa, umenyoosha shingo kama mke wa gavana. Majirani walisimama mlangoni. Hakuna aliyetuzuia. Nadhani walikuogopa zaidi wewe kuliko yeye.

Alipofungua kamba alitaka kukurudishia fyuzi yako. "Kaa nayo," ulisema. "Nikiiondoa utarudi kwa sigara." Ukampa mchele ndani ya kikapu, akaondoka akipiga chafya.

Kisha ukatoa betri, hasi kwanza, ukaipeleka chumbani kama kawaida. Nilikuwa nawasha moto nilipokusikia nyuma yangu.

"Ule Bahati wako. Mama yake anakunywaka chai ya maziwa, ao ya bure, bila maziwa?"

Nilisema ya maziwa. Nikaweka maji ya chai motoni.

Ulikuja, mama. Ulikanyaga kule na viatu vyako vya Pasaka. Ulikaa na mama mkwe wangu bega kwa bega, na kabla chakula hakijaletwa ulikuwa umefungua boneti ya gari lililonileta na kumgombeza dereva mbele ya wageni wote. Bahati anasema ndipo alipojua anaoa katika familia gani. Ninyi mama wawili mlianza kutembeleana, kwanza kwa sababu, halafu bila sababu. Sikuwahi kukushukuru sawasawa. Nilidhani nitakuwa na muda, na wewe ulikuwa mtu asiyependa kushukuriwa, ulibadilisha maneno haraka na kuuliza kama nimeangalia maji ya betri. Nakushukuru sasa. Nimefurahi katika ndoa hii, mama, hata siku za waya wa shaba. Amani ya hapa bado ni ya kushika kwa mikono miwili, barabara zinafunguka na kufungwa, lakini ndani ya nyumba yangu watu wa pande mbili wanagombania mkia wa samaki kila Ijumaa, na hakuna anayekumbuka nani ni wa wapi mpaka mgeni aulize.

Kuna jambo moja hukuliona, na ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Siku ya mazishi yako mvua ilinyesha, njia ya makaburini ikawa utelezi. Tulikuwa tumepanga wapwa zako wakubebe. Wakaja Bahati na wadogo zake watatu, na Dieudonné wa lori, aliyekuwa akipita kukusalimia kila safari, na mtoto wake mkubwa, wakaomba kwa wapwa zako kwa adabu, wakapewa. Wanaume sita wa kule, mama, walikubeba mabegani tangu mlangoni kwako mpaka mwisho, na kwenye kila kona Dieudonné aliyekuwa mbele aligeuza kichwa kukuangalia.

Pumzika vizuri. Gari lako bado linawaka kila asubuhi.

Mimi binti yako wa mwisho