Mbwa wa Yohana

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, goti tu linamsumbua akipanda mlima wa Gungu.

Unasema kipimo cha vinasaba kimeonyesha mbwa wako amerithi ugonjwa wa moyo. Ndugu wa mbwa huyo yuko kwa rafiki yako, anasifiwa kumshinda wako. Unauliza: umwambie rafiki huyo ampime mbwa wake kabla hajamzalisha, au atasema unamwonea wivu?

Wivu naujua. Kule Kidahwe binamu yangu Yohana alikuwa na mbwa wa kuwindia, kila mtu akitaka watoto wake. Wangu hakutazamwa. Siku moja nilimwona yule wa Yohana akizimia mbioni, kisha akaamka. Baba wa mbwa huyo naye alianza hivyo hivyo, kisha akafa. Nilinyamaza. Nilijiambia, nikisema, watadai nimemroga kwa kijicho. Kumbe nilitamani aanguke mbele ya watu.

Alianguka akafa, na watoto wake wakafuata mmoja mmoja.

“Ndugu yangu, hukuona dalili yoyote?” Yohana aliniuliza.

“Sikuona.”

Mimi nilikuwa na macho tu. Wewe una karatasi ya maabara. Mpelekee leo. Akikuambia una wivu, mkubalie, kisha msome majibu pamoja.

Ni mimi babu yako, ninayekukumbuka.