Kiko cha Mama Mkwe

Nyamiaga, Ngara

Mjukuu wangu Leokadia,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima, mama yako yuko Mbuba, anamsaidia shangazi yako kuvuna maharage. Nakuandikia kwa sababu simu yangu husikika nyumba nzima, na ulisema mimba hiyo changa na hizo sigara ni siri yetu. Uliniuliza niliachaje kuvuta.

Nilianza nilipoolewa. Kazi yangu ilikuwa kumwashia mama mkwe kiko: unaweka kaa la moto juu ya tumbaku, unavuta mpaka ishike, ndipo unampelekea. Nikazoea.

Mimba ya kwanza haikukaa. Sijui kama ni moshi. Ya pili, muuguzi alinikataza kuvuta, lakini nyumbani sikusema, maana mimba changa haitangazwi. Kila asubuhi nilikuwa naapa kuacha. Mama mkwe akiitisha kiko, navuta.

Siku moja nilimpelekea kiko hakijawashwa, na kaa juu ya kigae. Nilijua atanifokea. Alinitazama tumboni, akachukua vyote viwili, akaenda kuwasha mwenyewe migombani. Hakuniagiza tena mpaka mama yako alipozaliwa.

Hamu haikuisha siku hiyo. Ila kuna mtu alikuwa anajua.

Huko Mwanza nani anajua? Mwambie mumeo leo. Ukishindwa, nipigie useme "njoo" tu. Begi langu liko mlangoni tangu jana.

Bibi yako