Nimewaambia Unakuja

Kariakoo,
Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana wewe kukaa kwako ni shida. Baba anaendeleaje? Mkono wa kushoto umeanza kukamata kitu au bado? Mwambie yale mafuta niliyotuma ni ya kuchulia kweli, si ya kuwekwa kabatini yakisubiri mgonjwa mwingine. Na mikorosho yetu huko Newala imetoa maua mwaka huu? Huku tunaziona korosho kwenye meza za wachuuzi tu, unaulizia bei kisha unapita zako.

Mimi mwili hauna neno. Zuhura naye mzima, amerefuka, gauni lake la Idi sasa linaishia magotini. Bado hasemi, lakini siku hizi akitaka kitu anakushika mkono na kukupeleka kilipo, tena usipokwenda anakuvuta.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitalia, na nikilia wewe unaanza kuuliza nani kafa, na salio linaisha hapohapo. Hajafa mtu. Ila soma yote kabla hujaanza kunilaumu, kisha unilaumu kwa raha yako.

Unamkumbuka Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wetu, aliyekuwa akikaa na Zuhura kibarazani mimi nikiwa dukani. Macho yalimsumbua, mwanawe akamchukua akakae naye Mbagala. Nyumba sasa inaangaliwa na mjukuu wake, kijana ambaye hata salamu anaitoa kama anakukopesha. Tangu Bibi aondoke sikuwa na mtu tena. Wapangaji wenzangu ni watu wazuri, lakini kila mmoja na biashara yake, asubuhi nyumba inabaki tupu.

Dukani nilijaribu kwenda naye. Unajua kazi yangu, kupima na kukata vitambaa vya mapazia, na Zuhura anavipenda vitambaa kuliko mimi. Alikuwa anavuta jora zima mpaka linalala chini, anajifunika, anacheka peke yake. Tajiri wangu alivumilia, mwisho akaniita pembeni. "Somoe, mimi na mtoto sina noma," akasema, "ila wateja wanaogopa." Kisha siku moja nikiwa nimeshika mkasi niligeuka nikakuta hayupo. Alikuwa ameshakimbilia Msimbazi, katikati ya barabara, kwenye pikipiki na mikokoteni. Mbeba mizigo mmoja ndiye aliyemdaka. Aliponirudishia alinitazama sana.

Basi Mama, nikaanza kumfunga.

Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Nilimfunga kwa khanga, si kamba. Namzungushia kiunoni, nafunga kwenye mguu wa kitanda, naacha urefu wa kumfikisha kwenye ndoo, kwenye maji yake na kwenye dirisha la uani. Redio nawasha. Mchana nakimbia nyumbani, namlisha, nambadilisha nguo, narudi dukani. Jioni nikimfungua ananing'ang'ania shingoni, na mimi naona haya hata mbele yake yeye.

Sikutaka iwe hivyo siku zote, nilitaka shule. Iko shule moja huku Ilala yenye darasa la watoto wenye usonji kama yeye, na wanakaa mpaka alasiri. Nilikwenda, mwalimu mkuu akasema hajui kwenda chooni mwenyewe, nimfundishe kwanza ndipo nimlete. Niliporudi akasema nafasi zimejaa. Ndipo mteja mmoja pale dukani, mama wa heshima zake, akaniambia kuwa karibu na Mnazi Mmoja kuna ofisi ya msaada wa sheria, wanawasaidia bure wazazi wenye watoto wenye ulemavu. Nikavaa baibui langu zuri nikaenda.

Wakili wao ni binti mdogo tu, ana sauti ya upole. Aliponiambia kwamba kusoma ni haki ya Zuhura kisheria, na kwamba shule haina ruhusa ya kumkataa kwa ajili ya ulemavu wake, nilitamani nimkumbatie. Muda wote huo nimezunguka naomba kama ninaomba sadaka, kumbe nilikuwa naomba kilicho chake. Akasema, "Shule nitaiandikia, wakigoma tunapanda juu mpaka halmashauri. Ila dada, nieleze kila kitu, usinifiche hata kidogo, wasije wakatushtukiza huko mbele." Kisha akauliza siku ya Zuhura inakwendaje tangu asubuhi.

Nikamweleza, na khanga nikamweleza. Tena Mama, nilisema kwa kujivuna kidogo, vile ninavyoikunja mara mbili isimkate ngozi. Nilidhani namwonyesha jinsi ninavyomjali mwanangu.

Akaacha kuandika. "Da Somoe," akasema, "hilo siwezi kulinyamazia. Mtoto akifungwa natakiwa nitoe taarifa ustawi wa jamii."

"Kwani nimemtesa?"

"Sijasema umemtesa."

"Sasa nimwache barabarani?"

Macho yake yalikuwa yanalengwalengwa na machozi, na hapo ndipo nilipoogopa, maana nilikuwa nimemwendea nikijua yeye ana jibu.

Walikuja nyumbani, afisa ustawi ambaye ni mama mtu mzima, pamoja na mjumbe wetu wa mtaa. Uani watu waliacha kufua. Afisa alikitazama kitanda, akaifungua khanga kwenye mguu wa kitanda, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya mto. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningepata cha kujibu. Akasema Zuhura akikutwa amefungwa tena itabidi apelekwe makao ya watoto, akae huko mpaka mambo yangu yatengemae. Wewe unamjua Zuhura. Sahani yake tu ukibadilisha hali siku nzima, huko kwa watu asiowajua atakula nini?

"Baba yake yuko wapi?" akauliza. Nikamwambia alitukimbia Zuhura bado wa kubebwa mgongoni. Wakili anasema ninaweza kumdai matunzo mahakamani, na mimi nakubali, ila mtu usiyejua hata amelala mkoa gani unamdai vipi?

"Na jirani?" Mjumbe akatazama chini. "Sisi tulikuwa tunajua," akasema, "ila tulikuwa tunamwonea huruma."

"Huna ndugu kabisa wa kukaa na mtoto?"

"Mama yangu anakuja," nikasema.

Wallahi sijui maneno hayo yalitoka wapi. Niliyasikia kama wewe unavyoyasikia sasa. Afisa akauliza lini, nikasema mwisho wa mwezi. Uso wake ukafunguka, hata mjumbe akapumua. "Hapo sawa, Mama Zuhura," akasema, "bibi ndiyo mwisho wa matatizo." Afisa akaandika jina lako na kuahidi kwamba mwezi ukiisha atapita akusalimie.

Tangu siku hiyo niko nyumbani. Tajiri alinipa ruhusa, lakini ameshanitumia ujumbe kuwa nikichelewa mkasi utashikwa na mwingine. Juzi wakili alinipigia kwa furaha: shule imelegea, watampokea Zuhura muhula wa Januari. Nikamshukuru, na shukrani zangu ni za kweli, binti wa watu amehangaika. Lakini Januari ni Januari, na mimi natakiwa kazini kesho.

Jana asubuhi nilivaa viatu nitoke kununua mkaa hapo nje. Zuhura akadhani nakwenda kazini. Akaenda mwenyewe akaichukua khanga, akakaa sakafuni kwenye mguu wa kitanda, akainua mikono juu nimzungushie kiunoni. Nilivua viatu nikakaa naye pale chini mpaka adhuhuri, hata mkaa sikununua. Niliona ubaya wa nilichokuwa nikimfanyia, Mama, wote niliuona, na bado sikuona kingine ambacho ningefanya.

Huko najua kulivyo. Baba hageuki bila wewe. Kaka Selemani yuko safarini na lori lake, na mkewe ni mkwe, hawezi kumvua Baba nguo amwoshe, wala Baba hatakubali hata iweje. Nimefikiria nimlete Zuhura kwako. Basi utakuwa na mmoja asiyeweza kuinuka na mmoja asiyekaa, na nafasi ya shule itapotea. Nimefikiria nirudi naye mimi mwenyewe, lakini dawa za Baba zinatoka kwenye mkasi huuhuu. Kila ninapogeukia nakuta ukuta.

Kwa hiyo nakuarifu tu kwamba nimesema unakuja, ili afisa akikupigia simu usishangae. Hapana, hapo nimekuongopea. Nakuomba uje. Nikiandika hivyo namwona Baba kitandani anaita jina lako na nyumba kimya. Sijui binti wa namna gani anaandika maneno kama haya kwa mama yake. Nimechoka, na sina mwingine wa kumwandikia.

Msalimie wifi yangu na mapacha wake. Msalimie shangazi, mwambie kitambaa chake nimekipata, ila si kijani kile alichotaka, na kelele zake aniwekee akiba. Jirani yetu anayewapa maji ya bomba mpe salamu za pekee, nasikia siku hizi anakusaidia hata kuni.

Baba mpe shikamoo yangu na umshike ule mkono kwa niaba yangu. Ila barua hii usimsomee. Ukimsomea atakwambia nenda, hatasita hata kidogo, na wewe utakuja.

Mwanao,
Somoe