Leza ya Njano, Leza ya Kijani na Koo Langu

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana mimi ndiye ninayeongoza sauti ya kwanza katika kwaya yetu hapa Maseru, na siku hiyo tunashindana na watu wa Leribe, nami tangu Machi sauti hunikatika nikipanda juu, na daktari aliponipitisha kamera kooni alikuta kwenye uzi wa sauti wa kushoto mshipa wa damu mwembamba kuliko unywele, umevimba, na dawa yake ni kuuziba kwa leza. Hospitali yetu inayo leza ya njano na nafasi ipo Jumatatu, ilhali daktari wa Bloemfontein anatumia ya kijani, foleni wiki saba, naye asema ile ya njano hupiga kwa ghafla na mshipa huweza kupasuka kabla haujazibika, na kwamba watafiti walizilinganisha kwenye vimishipa vya mayai yanayoatamiwa. Mume wangu aliposikia hayo akaniambia, "Basi nimeoa yai, na mahari nililipia kuku," nami sikucheka, kwa kuwa sauti hii ikienda sijui nitabaki nani.

Nakiri pia kwamba daktari aliniamuru ninyamaze siku kumi na nne, nikamwambia nimetii, kumbe kila jioni nipo mazoezini, kwa sababu kiongozi wetu, Ntate Lekhooa, alinena mbele ya wote, "Mama Keneuoe, udaktari uache mlangoni. Wewe nong'ona tu, Jumamosi koo litafunguka lenyewe," nami nikanong'ona, ila jana nilijaribu mstari mmoja na sauti ikazimika katikati, haikurudi mpaka asubuhi. Nichague leza ipi?

Keneuoe Ramakatsa, Maseru

Mama Keneuoe, pole. Nanyi wasikilizaji mnaocheka habari ya mayai, tulieni: ni heri mshipa upasuke ndani ya yai kuliko ndani ya koo la mtu.

Hata hivyo, mama, unazipima leza mbili kwa makini ya hakimu, huku daktari wako umempa ushahidi wa uongo. Sauti iliyozimika ghafla huenda ni mshipa uliokwisha kuvuja. Lile unaloogopa leza ya njano isikufanyie, unajifanyia mwenyewe kila jioni. Na kunong'ona si kunyamaza, kunakaza koo.

Jumamosi huimbi. Leo hii mwandikie daktari, usimpigie simu, umweleze mazoezi yote, naye akutazame upya kwa kamera. Kisha waulize madaktari wote wawili: umetibu makoo mangapi kwa mashine hii, mishipa mingapi ilipasuka mkononi mwako, na ikipasuka hufanya nini? Ya kijani inasifiwa kwa upole, ni kweli, lakini mkono usioizoea huunguza. Atakayekujibu kwa hesabu, bila kununa, huyo ndiye wako, hata kama ni wa wiki saba.

Ntate Lekhooa, najua unasikiliza. Wimbo huo mpe mwimbaji mwingine auimbe. Na mama huyu usimkaribishe ukumbini hata kuketi tu, maana mwimbaji akiusikia wimbo wake, koo huufuata ingawa mdomo umefungwa.