Ukuta Nilioupaka Chokaa

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Kwako Maman mpenzi,

Mumeamkaje huko Mwenga? Mgongo wako umepoa, au bado unalima huku umeushika kwa mkono mmoja? Papa anatoka salama kwenye shimo la dhahabu? Na mdogo wangu, ameacha kukohoa? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula vizuri, na katika mtihani wa hesabu nilikuwa wa tatu. Moyo ndio hauko sawa. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu yangu unaipokelea kilimani, katikati ya majirani wanaotafuta mtandao, na haya sitaki uyasikie mbele ya watu. Barua nimempa tonton dereva wa lori, mjomba wa wote. Tafadhali kaa chini kwanza.

Siku nilipoondoka ulinishika bega ukaniambia nitafute hapa shuleni chumba cha kushonea, mwisho wa korido ya chini, chenye madirisha mawili yanayotazama ziwa. Mulilala mle na familia nyingine wakati wa vita, ukiwa na miaka tisa, na mdogo wako Akonkwa alikuwa amepotea njiani mulipokimbia kutoka Minova. Siku ya kuhama uliandika ukutani kwa mkaa: "Akonkwa, tumeenda Nyantende kwa shangazi. Tufuate." Ukaniambia, "Angalia muzuri chini yake, pengine mutu alijibu."

Nilipofika niliuliza chumba cha kushonea, wasichana wakubwa wakanipeleka ghorofani, kwenye chumba chenye vyerehani. Kuta zake hazikuwa na neno hata moja. Nikakuambia kwa simu kwamba hakuna kitu. Ulisema aksanti tu. Sikujiuliza kwa nini chumba kile kiko juu, wala kwa nini madirisha yake yanatazama barabara na siyo ziwa. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Maman, vyumba vya shule hii havidumu na kazi moja. Tunapolala sisi palikuwa kanisa dogo la watawa. Mahali pa msalaba bado panaonekana ukutani, na ni hapo tunapotundika mataulo. Chumba cha wagonjwa kilikuwa jiko. Nilikuwa nayajua hayo yote, tunacheka nayo kila siku. Kile cha mwisho wa korido, tangu nilipoingia hapa, kinaitwa depo: magunia ya unga, madawati yaliyovunjika, panya. Mwezi uliopita Masere, mtawa anayeongoza shule, alitangaza kwamba depo itakuwa maktaba. Jumamosi tunafanya salongo, ile kazi ya mikono ya wote, na shefu anayeiongoza katika darasa letu ni mimi. Tulipewa depo tuipake chokaa, na darasa la B wakapewa korido. Nilitaka tuwashinde.

Tulipotoa magunia, ukuta ulikuwa mweusi kwa maandishi. Esperance, anayelala kitanda cha juu yangu, akasimama na brashi mkononi.

"Shefu, kuya uone. Huku kuko majina ya batu."

"Majina banaandikaka mu kaye ya masomo, si ku ukuta."

"Iko ya zamani. Tusome kwanza."

"Utasoma maktaba ikiisha! Paka, B banatupita."

Wenzetu walimcheka, na mimi nilicheka. Tulipaka mara mbili, ukuta ukang'aa, na Masere akatusifu mbele ya shule nzima. Maman, nilifurahi sana siku hiyo. Hata hilo nakuambia.

Jumatatu yake Papa Mugisho, muzee anayelinda lango tangu kabla ya vita, alileta kufuli mpya. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Ukuta ya majina iko wapi?"

"Majina gani, Papa?"

"Ya batu ya vita. Si balilalaka humu mu chumba ya kushona?"

"Chumba ya kushona iko juu, Papa."

"Juu? Juu tulikuwa tunakula, mwanangu. Weye ulizaliwa jana."

Niligeuka. Madirisha yalikuwa mawili, na ziwa lilikuwa palepale.

Nilimuuliza kama kuna kijana aliyewahi kuja kutafuta jina la dada yake. Akasema, "Zamani balikuya bengi. Bengine banalia, bengine banaandika chini ya majina. Miye nafunguaka tu mulango, sikubauliza."

Nilichukua maji na kitambaa. Chokaa ilitoka, lakini mkaa ulitoka nayo. Chini ya dirisha la kushoto nilipata "Nyant" tu, na baada ya hapo ni doa la kijivu. Kama kulikuwa na jibu chini ya maneno yako, mimi ndiye niliyelifuta. Kama halikuwepo, mimi ndiye niliyefanya tusijue kamwe. Laiti ningelimpa Esperance dakika moja tu asome kwa sauti.

Nilienda kwa Masere nikamwambia yote, nikijua ataninyang'anya ushefu. "Mimi nilituma watoto kupaka ukuta ambao sikuusoma," akasema. "Unataka nini sasa?" Nikaomba ukuta ule usiwekwe rafu za vitabu. Alikubali, na leo baada ya misa ametangaza kwamba kila aliyekuwa na jina mle anaweza kuja kuliandika tena, kwa rangi ya mafuta. Mama mmoja kutoka Mudaka, aliyekuwa kwenye misa, amekwisha kuandika majina matano. Mimi ndiye niliyemshikia kopo la rangi.

Chini ya dirisha la kushoto nimeweka nafasi yetu. Esperance anasema niandike maneno yako kama yalivyokuwa. Nimekataa. Shangazi alishafariki, na tonton Akonkwa akienda Nyantende leo atakuta watu wengine wanalima shamba la shangazi. Mara hii sitaharakisha. Niandikie kwa mkono wako unataka aambiwe nini, na atufuate wapi. Ukitaka pabaki peupe, patabaki. Ukiwa na hasira, niandikie hasira. Ninaistahili.

Nisalimie Papa, umwambie nasoma kwa bidii. Nisalimie koko, bibi aliyenifundisha kusali, na dada yangu mkubwa na mume wake, na yule mama jirani aliyenishonea begi la shule. Mdogo wangu mbusu kichwani.

Tonton dereva atalala Mwenga siku mbili kabla ya kurudi. Nimemwomba asiwashe gari bila karatasi yako, hata kama ina neno moja.

Mtoto wako aliyekukosea,
Nsimire