Aliyepunguza Mwendo

3 Machi

Kaka yangu,

Hujambo wewe, wifi hajambo, na mgongo wako unasemaje? Barua yako iliyopita ilisema umekataa kunyooka baada ya siku nzima chini ya sinki la watu. Mimi mzima, ila sauti imekwaruza kwa mazoezi.

Nina habari mbili. Nianze na ile itakayokufanya ukae chini. Redio anataka kunioa. Ndiyo, yule yule niliyekuandikia habari zake nilipojiunga na kikundi hiki cha maigizo, mwenye sauti kubwa na viatu vibovu. Viatu bado ni vile vile. Aliniambia Jumapili tukipiga pasi mavazi ya jukwaani. Mtu huyu akipewa hotuba ya ukurasa mzima anaimaliza bila kumeza mate, lakini siku hiyo alikuwa na sentensi moja: "Nimechoka kukusindikiza mpaka mlangoni halafu narudi." Nikamwambia kwanza aseme na kaka yangu. Kwa hiyo unasemaje?

Ya pili. Tarehe ishirini anakuja Mama Mkurugenzi, mkuu wa jumba kubwa la maigizo ambalo kila mmoja wetu huliota. Ana nafasi moja tu, na anakuja kumtazama Redio. Mwalimu, ndiye anayetuongoza hapa, amemwandikia barua tatu za kumsifu. Redio ameingoja siku hiyo miaka minne.

Sasa nikupe siri, na ibaki kwako. Redio hawezi kusoma sawasawa. Tangu shule herufi zinampanda na kushuka machoni, ukurasa mmoja unamchukua asubuhi nzima. Mimi ndiye ninayemsomea maneno yake, yeye anapiga pasi na kurudia. Akisikia mara tatu, yamekaa. Katika kikundi kizima ninayejua ni mimi peke yangu.

Ubaya wake ni kwamba na mimi yamenikaa. Tamthilia yetu ni ya mume anayerudi nyumbani baada ya miaka miwili ya kupotea, anasimama mlangoni na kujieleza kwa dakika sita. Mimi ni mke. Kazi yangu ni kushika kitambaa cha kupangusia meza na kunyamaza. Basi kwenye mazoezi midomo yangu inacheza yenyewe, inasema maneno yake bila sauti. Mwalimu amenipa dawa: niweke pipi chini ya ulimi.

Nisalimie wifi. Mwambie aanze kufikiria nguo.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mgongo umenyooka kwa shingo upande, na wifi yako tangu nimwambie habari ya posa anaimba jikoni hadi majirani wananiuliza kuna nini.

Huyo Redio na aje nimwone. Aje na nguo za kazi, maana hapa nina tangi la kupandisha darini na mtu wa pili simpati. Mwanamume humjui mezani, huko kila mtu ana adabu. Mjue akiwa ameshika upande wa pili wa kitu kizito.

Hilo la kusoma halinitishi. Mafundi wengi wazuri niliofanya nao kazi walikuwa wanaweka dole gumba wakiambiwa waweke sahihi. Siri imefika kwangu, imekufa.

Lakini kuna kitu nimekiona katika barua yako. Umeandika kurasa mbili. Redio yumo mara tisa, nimehesabu. Wewe umo mara moja, umesimama na kitambaa. Mama yetu alipofariki ulikuwa na miaka kumi na moja, ukasimama juu ya kiti ukawaiga waombolezaji wote mmoja mmoja, mpaka na mimi nikacheka siku ya msiba. Mtoto yule alikuwa hamwachii mtu nafasi. Kwani hiyo nafasi moja imeandikwa jina la Redio? Nauliza tu, mimi ni mtu wa mabomba.

Kaka yako


22 Machi

Kaka,

Natumaini hamjambo. Mimi sijui kama sijambo. Nitakueleza mwanzo mpaka mwisho, usiruke mstari.

Ukumbi ulijaa. Mama Mkurugenzi alikaa safu ya tatu, mkoba magotini, kama mtu aliyepanga foleni zahanati. Redio akaingia, akasimama mlangoni, akaanza. Alikuwa mzuri, Kaka. Na mimi pipi ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimeitafuna kwa woga.

Dakika ya pili nikasikia mtu kacheka. Nikajua. Midomo yangu ilikuwa imemtangulia. Redio alikuwa anasema, "Mke wangu, njia zilifungwa kwa mvua," nami nilikuwa nimeshafika kwenye mvua kabla yake. Watu wakaona mke anayejua uongo wote wa mumewe kwa moyo, neno kwa neno. Nikafunga mdomo. Naapa nikaufunga.

Halafu nikaufungua tena.

Hapo ndipo nataka unisikilize. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mara ya pili nilijua ninachofanya. Nilisikia ukumbi unaningoja, nikapangusa meza polepole, nikasema maneno yake bila sauti, na kwenye "nilikuwaza kila siku" nikakikamua kitambaa. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na baadaye, wenyewe bila kuambiwa, wakanyamaza. Mwanamke mmoja mbele alikuwa analia. Katika hotuba iliyoandikwa ili watu wamlilie mume, walimlilia mke.

Baada ya pazia Mama Mkurugenzi alikuja nyuma ya jukwaa. Akampa Redio mkono, akamwambia, "Una sauti nzuri." Kisha akaniuliza mimi, "Unaweza kuanza Mei?" Nikasema naweza.

Redio alinipongeza mbele ya wote. Tulipokuwa tunatembea kwenda kwangu akasema, "Midomo yako ilikuponyoka." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi. Bahati mbaya haina mwenyewe." Akanisindikiza mpaka mlangoni, akarudi.

Kaka, nilisema ndiyo, eti midomo iliniponyoka. Nimemnyang'anya mtu siku yake, halafu nikamwacha anisamehe kwa kosa ambalo silo. Nifanye nini?

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, hongera sana, na pole kidogo.

Nimefikiri siku tatu. Wifi yako anasema umwambie. Mimi nasema funika kombe mwanaharamu apite. Ameshasamehe, unataka asamehe mara mbili? Ukimwambia utajitua mzigo wewe, umtwishe yeye. Bomba lisilovuja huligusi, ukilikaza kwa kujihakikishia ndipo unalipasua. Nenda Mei, fanya kazi, mwakani mfunge ndoa, na siku mkiwa wazee na meno mawili mawili utamwambia mcheke.

Kama kuna kosa, na mimi nina fungu langu. Nilikuchokoza kwa kalamu.

Kaka yako


17 Aprili

Kaka,

Habari za huko? Mimi nipo. Nimefuata ushauri wako na sipati raha nao.

Redio ananisaidia kufunga mizigo. Amenitengenezea begi zipu, amenichorea ramani ya njia kutoka kituo cha basi mpaka jumba kubwa, mishale mitupu bila neno hata moja. Kila jioni ananiuliza, "Kuna kitu umesahau?" Nami nasema hakuna. Anatikisa kichwa, anaendelea kukunja nguo. Mara mbili nilifungua mdomo, nikaishia kuuliza kama kuna chai.

Anakuja kwako wiki ijayo. Amesema tangi lile litapanda darini hata kama ni yeye peke yake. Mpokee vizuri.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini umefika salama na chumba ulichopewa kina dirisha. Sisi wazima.

Redio alikuja. Tangi limepanda. Alishika upande wa chini, ule mzito, wala hakulalamika, na wifi yako tayari anamwita shemeji. Tulipomaliza tulikaa juu ya ngazi tunakunywa maji, nikamsifia vile alivyokuwa muungwana kwa bahati mbaya ya jukwaani. Nilidhani namtuliza.

Alimaliza maji, akakiweka kikombe kwenye ngazi. Kisha akasema, "Kaka, dakika sita zile, siku ile zilikuwa nane. Unadhani ni nani aliyepunguza mwendo?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Watu walipocheka mara ya kwanza, angeweza kuharakisha akakupita, na midomo yako isingeonekana tena. Alisema anajua kufanya hivyo hata akiwa usingizini. Badala yake akapunguza. Akaweka pumzi katikati ya maneno ili upate nafasi ya kukikamua kitambaa chako. Alihisi mara ya pili kuwa si bahati mbaya, akasema moyoni, basi ichukue nafasi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hajui kama ni mapenzi au woga, kwa sababu kule jumba kubwa siku ya kwanza watu hukaa mezani wakapewa karatasi wasome kwa sauti. "Labda vyote," alisema.

Kisha akasema neno lililonichoma. "Kunipita hakuniumi. Mwigizaji anayeona nafasi asiichukue hafai. Kinachoniuma ni kwamba ananidhani nilikuwa pale kama mlango. Namngoja aniambie. Kila siku namuuliza kama kuna kitu amesahau."

Aliniomba nisikwambie, anataka itoke kwako. Nimevunja ahadi hiyo siku ya tatu, kwa kuwa ushauri uliokunyamazisha ulikuwa wangu, na ulikuwa wa kijinga. Wifi yako ananiangalia kwa jicho ambalo ninastahili. Mwambie, mdogo wangu. Usingoje.

Kaka yako


14 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo kwanza, maana nimekaa wiki sita bila kukujibu, na hata salamu zimeota kutu. Natumaini nyote wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilipopata barua yako nilikaa chini nikamwandikia Redio kurasa nne. Nilikuwa nalamba bahasha ndipo nikakumbuka kwamba hawezi kuisoma. Angelazimika kumpelekea mtu, na mtu huyo angejua yote, ya kwake na ya kwangu. Nikaichana. Hili lilikuwa la kusemwa kwa mdomo, na mapumziko yetu ni Jumatatu tu, tena siyo zote. Jumatatu moja tuliitwa mazoezini. Nyingine nilipewa mke wa hakimu katika tamthilia mpya, nikashinda nakariri. Ya tatu, Kaka, nilikuwa huru. Nilifua nguo. Nilijiambia nimechoka.

Kazi hapa ni nzuri kuliko nilivyoota. Anayeigiza mume wangu ni mtu mashuhuri, ana sauti inayofika mpaka kwa muuza tiketi nje. Anapiga maneno yake kama mtu anayewahi pahali, na mimi nachukua nafasi yangu kwa meno. Hapo ndipo nilipoielewa barua yako mpaka mwisho.

Jumatatu iliyopita nilikwenda. Saa sita za basi. Nikamkuta kwenye kile chumba cha mavazi anapiga pasi, na juu ya sanduku amekaa msichana mpya wa kikundi, karatasi mkononi, anamsomea. Anasoma vizuri. Aliponiona aliinuka, akasalimu kwa heshima, akatuachia chumba. Sina baya la kumsema, na nilijaribu kulitafuta.

Nikamwambia Redio yote. Kwamba mara ya pili nilijua, na ya tatu, na mpaka mwisho. Kwamba nilimuacha anisamehe bure. Aliweka pasi pembeni, akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Asante. Ungeniambia usiku ule ule mlangoni ningecheka mpaka nikae chini." Nikamuuliza kama sasa hawezi kucheka. Akasema anajaribu, nimpe muda.

Alinishika mkono. Nilijua ananipenda, na mimi nampenda, Kaka, nakwambia wazi usije ukadhani yamekwisha. Nikamuuliza, "Bado unanitaka?"

Ukutani mwa chumba kile kuna saa ya Mwalimu, labda sikuwahi kukutajia. Basi la mwisho lilikuwa la saa kumi, na kesho yake jioni nilikuwa na onyesho. Redio alikuwa amefungua mdomo anijibu. Na mimi, kabla neno halijatoka, nikatazama saa.

Alinifuata macho mpaka ukutani. Akaufunga mdomo, akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja. Hakukasirika. Akaniuliza kwa upole, "Una onyesho kesho?" Nikasema ndiyo. Akachukua begi langu, akanisindikiza kituoni, akanitafutia kiti cha dirishani, akasema, "Wahi."

Sikumsikia akisema alichotaka kusema. Njia nzima nilingoja nijichukie kiasi cha kumwambia dereva asimame, na dereva hakusumbuliwa.

Usinipe pole wala hongera, na wifi umwambie asikufokee tena, siyo ushauri wako ulionigeuza shingo niitazame saa. Niandikie tu habari za nyumbani. Nilifika, nikalala, nikaamka, na jioni nikapanda jukwaani. Nilicheza vizuri kuliko siku zote, Kaka. Baada ya pazia watu walisimama kunipigia makofi, nami nikalia, na wakadhani ni furaha.

Mdogo wako