Kwa Baba Muthoni, Aliyerudi Darasa la Tatu

Baba Muthoni,

Shule zilifunguliwa wiki iliyofuata mazishi yako, nami nikarudi kazini. Watu walisema ni mapema. Niliwaambia kwamba nyumbani hakuna kazi ya kutosha kumaliza siku, na hiyo ilikuwa kweli.

Nianze na habari za hapa. Yule ng'ombe mweusi amezaa, ndama ni jike. Mama yako amehamia kwetu. Analala chumba cha Muthoni na bado analalamikia chumvi yangu. Muthoni amerudi bweni. Barua zake ni fupi na hazikutaji, nami sijamuuliza. Watu wanaendelea kuja langoni na malalamiko yao, huyu ana kesi ya mpaka wa shamba, yule anataka daraja lijengwe, wakidhani gazeti bado liko hapa. Ninawaelekeza ofisini kwenu kwa gazeti, pale juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wengine huondoka mara moja. Wengine husimama kidogo wakitazama mlango.

Ninaandika kwa sababu ya Mureithi, mhariri wako. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akanywa chai, akazungumza na mama yako juu ya mvua, kisha akanigeukia.

"Mama Muthoni, lile darasa la Jumamosi la waandishi. Tunataka uendelee nalo."

Nikamwambia sijawahi kufanya kazi ya gazeti hata siku moja.

"Ndiyo maana tunakutaka wewe," akasema.

Sikumjibu siku hiyo. Nilitaka kwanza kujikumbusha jinsi darasa lile lilivyoanza, kwa maana pale kaburini lilisimuliwa vibaya. Mhubiri alisema uliipenda elimu tangu ujana wako. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, na ningeweza kumsahihisha. Hukuipenda. Ulipewa habari za shule kwa sababu ulikuwa mgeni ofisini. Siasa ilikuwa ya wakubwa, mahakama ilikuwa ya Mureithi mwenyewe, na shule zikabaki kwa yule anayejifunza kazi. Ulikuja nyumbani ukasema, "Wamenipa watoto."

Kisha mfumo mpya wa elimu ukaingia, darasa la nane likaongezwa, na kila mzazi kutoka Othaya hadi Naro Moru akawa anataka kujua mtoto wake ataenda wapi. Afisa wa elimu aliita mkutano mjini. Ulikwenda, ukarudi umefurahi. Wiki hiyo gazeti likatoka na maneno yako ukurasa wa kwanza: shule zisizo na karakana hazitafanya mtihani.

Nililisoma nikiwa nimesimama jikoni.

"Hii si kweli," nikakwambia.

"Nimeandika alichosema."

"Umeandika ulichosikia."

Afisa alikuwa amesema kwamba shule isiyo na karakana haitakuwa kituo cha mtihani wa somo la useremala, na watoto wake watalifanyia somo hilo shule ya jirani. Masomo mengine yote wangeyafanyia kwao. Walimu wenzangu wote waliokuwa ukumbini walielewa hivyo. Wewe hukujua kituo cha mtihani ni nini, na hukuuliza, kwa sababu hakuna mwandishi mwingine aliyeuliza. Ukasema utasahihisha wiki itakayofuata. Nilikwambia wiki itakayofuata ni mbali. Ulikasirika, ukatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa.

Siku chache baadaye nilisikia habari za Wangechi kwa mwalimu wake. Alikuwa msichana wa darasa la saba katika shule moja ya Tetu ambayo ilikuwa na vyumba vya mbao na haikuwa na karakana. Mama yake alikuwa amesomewa gazeti na mtu wa kanisa lao. Akamtoa mtoto shuleni, akampeleka Doldol kulea mtoto wa mwenye duka.

Nilikuletea habari hiyo wakati wa chakula. Uliacha sahani, ukavaa koti, ukaniomba twende pamoja.

Mama Wangechi alikuwa akipanga majani ya chai kikapuni. Hakutukaribisha ndani.

"Ni wewe uliandika?" akakuuliza.

"Ni mimi, mama. Na nilikosea. Mtihani uko. Mtoto arudi shule."

"Juzi ulisema hakuna. Leo unasema uko. Kesho utasema nini?"

Ulivua kofia.

"Kwani hii kazi hukuisomea?"

Ukamwambia, "Nilisomea kuandika. Shule sikusomea."

Nimeishi nawe miaka mingi, Baba Muthoni, na sijui kama uliwahi kusema jambo la kweli zaidi ya hilo. Ulilisema kwa sauti ya chini, ukiwa umeshika kofia. Yule mama akaendelea kupanga majani yake. Mwishowe akasema kama unataka mtoto arudi, uende ukamlete wewe, kwa maana yeye hana nauli ya kufuata maneno ya gazeti mara mbili.

Ukaenda na yule mama hadi Doldol, nauli juu yako. Ulinisimulia kidogo tu: vumbi, mbuzi sokoni, mke wa mwenye duka aliyekataa kumwachilia msichana hadi apate mwingine. Mliambiwa msubiri. Wangechi alirudi muhula ulipokuwa umekwisha, akalazimika kurudia darasa pamoja na waliokuwa nyuma yake, na jambo hilo lilimuuma. Alikuja kwenye mazishi. Sasa ni mwanamke mzima, amevaa miwani, ana duka la kushona Karatina. Aliniambia kwamba safari nzima kutoka Doldol hukumwomba msamaha. Ulimuuliza darasa lao lilikuwa limefika wapi katika hesabu, na akashindwa kukumbuka, ndipo akalia. Sikuwa nimeyajua hayo. Hukuniambia kwamba alilia.

Uliporudi ndipo ulipoomba kukaa darasani mwangu. Nilidhani ni mzaha. Ulisema Jumatatu gazeti huwa halina kazi nyingi, na ungependa kuanza darasa la tatu, kwa kuwa la kwanza wangekucheka. La tatu walikucheka pia. Ulikaa nyuma kabisa, magoti yakigusa meza, na watoto wakakuita "mwanafunzi mzee" hadi ulipohitimu kwa maoni yako mwenyewe.

Uliniuliza maswali ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza. Kwa nini watoto walioitika majina asubuhi hawapo mchana. Kwa nini mtoto anayesoma vizuri kwa sauti hawezi kueleza alichosoma. Kwa nini ninapiga kelele zaidi baada ya chai. Hilo la mwisho lilinikasirisha, lakini hukukosea.

Nami nilijifunza kwako. Nilikuwa nikiamini waandishi ni watu wa kutunga. Siku moja ulinichukua twende shule ya jirani kuuliza jambo dogo, vitabu vipya vimefika au havijafika. Mwalimu mkuu alikuona, akaingia ofisini, akafunga mlango na kuturuhusu tuone kupitia dirisha kwamba amekaa. Tulirudi. Tukiwa njiani ukasema, "Mwalimu, mnataka tuandike ukweli wenu, na hakuna hata mmoja wenu anayetufungulia."

Kutoka hapo likaja darasa la Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa. Uliwaita waandishi wachanga kutoka Murang'a, Embu, Meru na Nanyuki, wote wale waliopewa watoto kwa sababu ni wageni ofisini. Uliwafundisha jinsi mtihani unavyosahihishwa, jinsi ya kuzungumza na mtoto bila kumwaibisha, na kwamba neno wasiloelewa waliulize hata ukumbi mzima ukigeuka kuwatazama. Mureithi alinung'unika ati unampotezea wafanyakazi. Baadaye akanyamaza, kwa sababu barua za kusahihisha habari zilikuwa zimepungua mezani kwake.

Hivyo ndivyo lilivyoanza. Halafu kifua chako kikaanza. Hayo unayajua, sitayarudia. Yale ya hospitali bado siwezi.

Nilimjibu Mureithi kwamba nitajaribu.

Jumamosi ya kwanza nilisimama mbele ya watu ambao walikuwa wanakutazamia wewe. Nilitumia desturi yako: kila mmoja aeleze habari anayoitafuta na mahali alipokwama. Wa tatu alikuwa Kendi, yule msichana wa upande wa Meru ambaye ulisema anaandika haraka kuliko anavyofikiri. Amebadilika. Alisema kuna shule ambayo watoto wake wa darasa la sita hutolewa darasani kila Alhamisi mchana kwenda kuchuma kahawa katika shamba la mwalimu mkuu. Mzazi mmoja alimwambia kwamba amechoka kufua sare zenye madoa.

"Nilienda kwa hedimasta," Kendi akasema. "Akaniambia hiyo ni somo ya kilimo, iko kwa ratiba. Na kweli iko kwa ratiba, nimeona. Sasa mimi nitajuaje kama ni somo ama ni kazi tu?"

Hakutaja shule. Hakuhitaji kunitajia. Ninafundisha darasa hilo la sita.

Nilijibu swali lake kama ningejibu la mwingine yeyote. Nikamwambia somo lina mwalimu anayefundisha, mtoto anaandika, anaulizwa baadaye alichojifunza, na mazao ni ya shule. Nikamwambia aende mwenyewe Alhamisi, asimame barabarani, aangalie kama kuna mwalimu shambani na kama kuna mtoto mwenye kitabu. Na majina ya watoto yasitoke. Aliandika yote, kisha akainua kichwa.

"Mwalimu, hii si shule yako?"

"Ni yangu," nikasema.

"Basi wewe unajua. Ni ukweli ama si ukweli?"

Sitakudanganya, niliwaza mambo mengi kwa wakati mmoja. Niliwaza karo ya Muthoni, na nyumba hii, na mama yako, na kwamba sasa niko peke yangu katika hayo yote. Mwalimu mkuu nilikuwa nimeshamwambia usoni, katika mkutano wa walimu, na alikuwa ameandika kwamba maoni yangu yamepokelewa. Ningeweza kumwambia Kendi hayo ni mambo ya ndani. Yule bwana wa shule ya jirani aliyetufungia mlango nadhani naye alikuwa na karo za kulipa.

"Ni kweli," nikasema. "Kila Alhamisi ninabaki na madawati."

"Naweza kuweka jina lako?"

Nilichukua kifutio nikafuta ubao ambao ulikuwa safi.

"Weka."

Kendi alikwenda Alhamisi, akasimama barabarani hadi watoto walipotoka shambani na madebe, akazungumza na wazazi, akarudi kwa mwalimu mkuu akampa nafasi ya kujibu. Alifanya kila kitu ulichomfundisha. Habari ilitoka ukurasa wa ndani, fupi, bila neno la kupamba. Kwa miaka yote uliyofanya kazi pale hukuwahi kuniweka gazetini, na sasa niko humo, jina langu lote, nikithibitisha.

Mwalimu mkuu aliniita. Hakupaza sauti.

"Mama Muthoni, tulimzika bwana yako pamoja. Mimi nilibeba jeneza. Na umeniuza."

Alikuwa amebeba kweli. Nilimwona, upande wa kushoto, viatu vyake vimejaa udongo.

"Niliulizwa, nikajibu," nikamwambia.

Hatusalimiani tena. Walimu wawili wamehamisha viti vyao mbali na changu. Mmoja hunisubiri nyuma ya vyoo ili aniambie kwamba nilifanya vizuri, kisha anatembea mbele yangu kama hatujaonana. Afisa wa elimu alikuja, akakaa na mwalimu mkuu asubuhi nzima. Kuna maneno ati muhula ukiisha nitahamishwa ng'ambo ya Kangema. Mama yako ameanza kuuliza huko kuna baridi kiasi gani. Nimemwambia hata wakinihamisha, Jumamosi nitapanda gari nije ukumbini, na kwamba mwandishi wa Murang'a anaweza kunionyesha njia za huko.

Ningependa ungekuwepo unishauri. Hapana, si hivyo. Ningependa tu ungekuwepo, ukae pale nyuma ukiwa umekunja magoti. Ushauri nitajitafutia.

Jiwe la kaburi litawekwa mvua zikipungua. Nimechagua maneno machache. Sikuandika kwamba uliipenda elimu tangu ujana. Niliandika jina lako, na kwamba ulikuwa mwandishi wa habari za shule.

Ninakuahidi mambo mawili, na yote ninaweza kuyatimiza. Darasa la Jumamosi halitakosa mwalimu nikiwa na miguu ya kunifikisha. Na mwandishi yeyote atakayebisha kwangu, mchanga au mzee, nitamfungulia.

Kwaheri, Baba Muthoni. Pumzika, mimi nina kazi za kusahihisha. Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, niliingia darasa la sita nikakuta madawati yote yana watu. Walikuwa wananitazama. Sikuwa nimeandaa somo la saa ile, kwa kuwa sikuwahi kuhitaji. Nikachukua chaki, nikawauliza tulifika wapi.

Mama Muthoni